Leza ya tezi dume: mliyoniuliza kutoka Tanga

*Nina miaka 67, nipo Ngamiani. Usiku naamka mara 5, mkojo watoka kwa matone. Nimeambiwa nifanyiwe leza. Hiyo si mionzi ya saratani?*

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ni mwanga wenye joto kali. Tumbo halipasuliwi, kifaa chembamba chenye kamera kinapita njia ya mkojo. Chukua chungwa la Muheza: ganda libaki, nyama itoke. Leza ya holmiamu, aina mojawapo, hubandua sehemu ya tezi iliyokua, ikaisukumia kibofuni, kisha inasagwa na kuvutwa nje. Vipande hivyo hupimwa maabara kama vina saratani. Yaulizie majibu yake. Aina nyingine, leza ya kijani, huunguza nyama ikawa mvuke, hakibaki cha kupima.

*Baba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hatavuja sana?*

Leza huziba mishipa midogo huku ikikata, hivyo damu hupotea kidogo kuliko kwa ile njia ya zamani ya kukwangua kwa waya wa umeme. Ila asiache dawa kwa uamuzi wake. Daktari wa moyo na wa upasuaji wazungumze kwanza.

*Naona haya kuuliza. Nguvu za kiume je?*

Uliza, baba. Mzee mmoja alikaa mbele yangu akizungusha kofia yake mkononi, neno halimtoki. Alishafanyiwa upasuaji na hakuna aliyemweleza jambo hili, akadhani wamemharibu. Iliniuma, maana maelezo yenyewe ni ya dakika 2. Wengi uume husimama kama ulivyokuwa ukisimama. Kinachobadilika ni shahawa: mara nyingi hurudi kibofuni, zikatoka baadaye na mkojo. Raha ipo na haidhuru mwili, lakini kutunga mimba kunakuwa kugumu. Kama bado mnataka mtoto, mwambie daktari kabla, na mkeo awepo.

*Natoka Makorora kwenda sokoni kwa baiskeli kila siku. Nitapanda lini?*

Mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa baada ya siku 1 au 2. Baiskeli isubiri wiki 4 hadi 6, na magunia pia. Mkojo kuwa na wekundu kidogo au kukuponyoka wiki za mwanzo hutokea. Ukiona mabonge ya damu, homa, au mkojo umegoma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Nilimeza dawa ya mafua, mkojo ukaziba. Inahusiana?*

Ndiyo. Baadhi ya dawa za kuzibua pua hukaza misuli ya shingo ya kibofu. Mweleze muuza dawa kuwa una tezi kabla hajakupa.