Mtafiti wa afya ya uzazi akibisha hodi mlangoni kwako

Kwa miaka sita nimezunguka mitaa ya Mombasa, Kenya, yaani Kisauni, Likoni na Changamwe, nikiwahoji wanawake kwa ajili ya tafiti za uzazi, kwanza kwa daftari, kisha kwa tableti. Kazi yenyewe ni kuingia nyumbani kwa mtu na kumwuliza mambo ambayo hata mamake mzazi hajapata kumwuliza. Unatumia nini kuzuia mimba? Nani aliamua? Umewahi kutoa mimba? Nayaandika haya kwa dada na mama ambao siku moja wataulizwa na mtu kama mimi, kwa sababu nimeona wanawake wakijiponza kwa kujibu, na wengine wakijiponza kwa kunyamaza.

Mwaka wangu wa kwanza niliingia nyumba moja Mtopanga. Mwenye kuhojiwa alikuwa mama wa watoto watatu, na mavyaa wake alikuwa pale pale mkekani akichagua mchele kwenye ungo. Mimi, kwa ugeni wangu wa kazi, nikasoma swali kwa sauti: "Kwa sasa unatumia njia yoyote ya kupanga uzazi?" Yule dada akautazama ungo, si mimi. "Situmii kitu. Watoto ni riziki." Nikaandika hatumii, nikashukuru, nikatoka.

Nilikuwa nimefika stendi ya matatu aliponijia mbio, leso imemwanguka begani, ameshika shilingi hamsini mkononi kama aliyetumwa dukani. "Dadangu, pale palipoandikwa situmii, pafute. Mimi napigwa sindano, mwaka wa pili huu. Kadi yangu iko chini ya gazeti la kabati la sahani. Lakini wewe nawe, waniuliza mbele ya mavyaa?"

Sina cha kujitetea. Kosa lilikuwa langu. Kama asingenifuata, ningeondoka na uongo ndani ya daftari. Na kama angesema kweli, ningemwachia vita nyumbani. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya swali la kwanza, mwambie mtafiti, "Nataka tuwe sisi wawili tu." Huna haja ya kueleza kwa nini. Mwambie mkakae nyuma ya nyumba, au aje siku ambayo watu wametoka, au mkutane kliniki unapompeleka mtoto. Mtafiti aliyefunzwa vizuri atakubali bila kukunja uso. Mimi siku hizi nakubaliana na mwenyeji wangu mapema kwamba mtu akiingia ghafla, narukia maswali ya chanjo za watoto mpaka atoke. Haijapata kutuangusha.

Kisha kuna fomu ya idhini. Wengi huitia sahihi kama wanavyopokea barua ya chama, bila kuisoma. Isome, au asomewe asiyejua kusoma, kwa Kiswahili, na shahidi unayemchagua wewe awepo kabla ya kidole gumba kugusa wino. Utafiti wowote wa halali nchini una leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na umepitishwa na kamati ya maadili, na simu ya kamati hiyo huandikwa kwenye fomu. Baki na nakala yako. Angalia panaposema unaweza kukataa swali, unaweza kuacha katikati, na kwamba huduma yako kliniki haitapungua hata ukikataa kila kitu. Mtu akikuambia kwamba usiposhiriki hutapata sindano yako, huyo mkatae na umpigie simu mwenye namba ile. Uliza pia jina lako litaandikwa wapi. Tangu sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, habari za afya yako ni za kulindwa kwa namna ya pekee, na una haki ya kujua zinahifadhiwa na nani.

Baada ya hayo yote, ukiamua kujibu, jibu kweli. Nalisema hili kwa sababu ninajua majibu hayo yanakwenda wapi.

Kuanzia mwaka 1993, wanawake wanaofanya kazi ya ngono hapa Mombasa walikuwa wakienda kliniki ya Ganjoni, wanapimwa, wanatoa damu, wanaeleza wanatumia njia gani ya uzazi, kisha wanarudi tena na tena. Wanawake ambao mtaani hawasalimiwi. Kutokana na subira yao watafiti waliona dalili kwamba huenda sindano ya miezi mitatu inaongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Tafiti nyingine zilikubaliana nao, nyingine zikapinga, na wasiwasi ukaenea, kwa maana sindano ndiyo inayotegemewa na wanawake wengi wa Afrika. Hatimaye ukafanywa utafiti mkubwa wa ECHO, wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia. Kwetu ulifanyika Kisumu. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: hawa sindano, hawa koili ya shaba inayowekwa ndani ya mji wa mimba, hawa kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Matokeo yalitoka Juni 2019, na hapakuonekana tofauti kubwa ya maambukizi baina ya njia hizo tatu. Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema mwanamke aliye katika hatari kubwa ya maambukizi anaweza kutumia yoyote kati ya hizo.

Lakini wanawake 397 katika utafiti ule waliambukizwa. Sindano, koili na kijiti huzuia mimba, havizuii virusi. Kondomu bado ina kazi yake hata kwa aliye na kijiti mkononi, na nasikitika kwamba jambo hili halisemwi kliniki kila mara.

Mtafiti si muuguzi, na usimtegemee kwa tiba. Ila mwulize akuelekeze. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Tangu nianze sindano hedhi imekatika, hiyo damu inajaa wapi?" Haijai popote. Sindano huufanya utando wa ndani ya mji wa mimba uwe mwembamba, basi hapana cha kutoka. Na anayetaka kushika mimba akumbuke kwamba sindano huchelewa kuachia mwili. Kwa wastani hupita miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu hakuna aliyemwambia mke jambo hili.

Swali la kutoa mimba ndilo zito. Mwaka 2013 ilichapishwa ripoti iliyokadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa nchini Kenya mwaka 2012. Hesabu hiyo haikupatikana kwa kubisha milango. Ilitokana na wanawake waliotibiwa madhara hospitalini, pamoja na makadirio ya wataalamu, kwa sababu inajulikana kwamba mlangoni wengi watasema hapana. Silaumu. Ukiona hupo salama kulijibu, sema "pita hilo." Ni jibu kamili.

Lakini kwa daktari usifiche. Nilimhoji msichana mmoja Likoni ambaye alipofika kwenye swali hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akavuta leso akajifunika miguu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Ilikuwa siku ya nne anavuja damu, na alikuwa akijitibu kwa Panadol na maji ya tangawizi. Nilifunga tableti. Tukavuka feri pamoja, amesimama amenishika mkono kwa sababu alikuwa hawezi kukaa. Hofu yake haikuwa kufa, ilikuwa atawaambia nini wauguzi.

Damu ikijaza pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au homa isiyoshuka, maumivu makali ya tumbo, au maji yenye harufu mbaya yakitoka ukeni, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Matibabu baada ya mimba kuharibika au kutolewa si kosa la jinai, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 26 kinakataza kutoa mimba, isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Yule msichana alisafishwa mji wa mimba usiku ule. Daktari alimwuliza ametumia nini, akamwambia, na dawa zikaenda sawa kwa sababu alisema.

Jambo la mwisho kuuliza kabla ya mtafiti hajaondoka ni lini atarudi na majibu. Bi mmoja wa Mikindani aliniuliza, "Nyinyi huja mukauliza, mukenda zenu. Mutarudi kutwambia mulichokipata?" Sikuwa na la kumjibu. Nilipeleka swali lake kwa wakubwa wangu, na ilichukua mwaka mzima, lakini tulirudi Mikindani, tukaketi na wanawake thelathini na kitu chini ya mwembe wa chifu. Yeye alikaa mbele, na ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.