ULIZA UJIBIWE: Namba za vifo vya London ya zamani walizitoa wapi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimekutana na jedwali la vifo vya London la mwaka 1854, wiki moja tu wamejaza kipindupindu wangapi, surua wangapi, kifaduro wangapi. Sasa enzi hizo hakuna kompyuta, hakuna maabara, watu kibao hata kusaini hawajui. Si wamepika tu hizo namba? (M., Morogoro)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hawakupika, ila zina walakini wake, ntafika huko. Uingereza walianza kusajili vifo kiserikali Julai 1837. Mtu akifa, yule aliyekuwepo pale, mke, dada, hata jirani, anamweleza msajili wa eneo lake: kafa lini, wapi, jina, umri, kazi, na kilichomuua. Kama hajui kuandika anachora X na msajili anaandika pale kwamba hiyo ndo alama yake. Makaratasi yanaenda ofisi kuu, na kuanzia 1840 wakawa wanatoa ripoti ya London kila wiki, hesabu inafungwa Jumamosi. Mwenye hiyo kazi ya kuchambua alikuwa daktari mmoja, William Farr, mtu wa namba kwelikweli.

Uzuri wa kurekodi mmoja mmoja ni huu. Septemba 1854 kipindupindu kilivamia Soho, mtaa wa katikati ya London, daktari mmoja wa hapo, John Snow, akaenda kuchukua orodha ya waliokufa, akaona 83 ndani ya siku tatu tu, wengi karibu na pampu ya Broad Street, akaanza kuuliza familia na 61 kati yao akaambiwa walikuwa wanakunywa maji ya pale. Lakini kilichomaliza ubishi wa kama ugonjwa unatoka kwenye maji, kwangu mimi, ni mstari mmoja kwenye ripoti ya wiki: mama mjane, miaka 59, kafa tarehe 2 Septemba huko Hampstead, mbali kabisa na Soho, kuhara masaa mawili, kipindupindu masaa kumi na sita. Hampstead hakukuwa na kipindupindu! Snow akawafuata wanawe, kumbe mama aliwahi kuishi Soho na maji ya pampu ile aliyapenda mpaka anapelekewa chupa kwa mkokoteni kila siku. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa pia, akarudi kwake Islington akafa. Msajili angeandika "wanawake, mmoja" hayo yote tusingeyajua.

SWALI: Sawa, ila mtaa wa watu wengi si lazima vifo viwe vingi? Walilinganishaje? (Mwalimu, Kisumu)

JIBU: Mwalimu umegusa penyewe. Idadi ya wafu peke yake haisemi kitu mpaka ujue walio hai ni wangapi, na sensa ilikuwa kila baada ya miaka 10, katikati hapo ni kukadiria. Mwaka huohuo 1854 kusini ya mto Thames kulikuwa na kampuni mbili za maji, mabomba yao yanapita mitaa ileile, nyumba hii kampuni hii, ya jirani kampuni nyingine. Southwark and Vauxhall walivuta maji mtoni palepale mjini penye vinyesi, Lambeth walishahamia juu ya mto mwaka 1852. Snow akagawa vifo kwa idadi ya nyumba: wiki 7 za mwanzo wale wa kwanza vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, Lambeth 37. Na wapangaji wengi hawakujua maji yao ni ya nani, maana bili analipa mwenye nyumba, ikabidi achukue maji apime chumvi kwa dawa yenye madini ya fedha, ya Southwark chumvi ilikuwa nyingi mno. Farr mwenyewe bado alikuwa upande wa waliosema ugonjwa unaletwa na hewa chafu, lakini aliwaagiza wasajili waandike nyumba ya marehemu inapata maji ya kampuni gani. Mimi hapo namvulia kofia. Ilipofika mlipuko wa 1866 mashariki ya London, yeye mwenyewe ndo akaikamata kampuni ya maji kwa takwimu zake.

Sasa walakini. Cheti cha daktari hakikuwa lazima mpaka sheria ya 1874, kwa hiyo mtoto aliandikwa "degedege" na ikaishia hapo, kilicholeta degedege hakijulikani. Homa ya matumbo na tifasi (homa nyingine, ya kuletwa na chawa) ziliwekwa fungu moja mpaka 1869. Na wilaya yenye hospitali kubwa ilionekana inaua watu, kumbe wagonjwa wametoka wilaya nyingine, ukilinganisha bila kuwarudisha makwao unadanganyika. Halafu usitishwe na kipindupindu peke yake, kilikuja kikaondoka, kifua kikuu kiliua kila mwaka bila kelele.

SWALI: Na kwetu pwani enzi hizo walihesabu? (Bi. Z., Unguja)

JIBU: Shikamoo bibi. Kipindupindu kilipiga Unguja 1869 na 1870, na daktari mmoja Mskoti aliyekuwepo, James Christie, aliandika kitabu kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki. Lakini rejista ya vifo ya namna ile haikuwepo, kwa hiyo ukikuta namba ya waliokufa, jua ni makadirio.