Samaki walikufa, deni lingali hai

SWALI: Nilikuwa mfugaji wa ngege katika vizimba vya Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, siku chache kabla ya kuvuna, tulipambazukiwa na samaki wakielea matumbo juu. Nilikuwa nimekopa kutoka kwa chama chetu na kwa shemeji yangu. Siku hizi nimeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini kila usiku nalifungua daftari la chakula cha samaki na kujiuliza kwa nini sikuvuna wiki moja mapema, ilhali mnunuzi alikuwapo. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Mbona mimi nashindwa kuyaacha? Na je, nirudi ziwani? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Wanaokuambia hivyo wanakutakia mema, ila kwako jambo hili bado halijapita: deni lingalipo, na nashuku kwamba shemeji unamkwepa hata matangani. Huwezi kulazimishwa kusahau hesabu ambayo haijafungwa.

Tuanze na lawama, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Upepo unapoivuruga Ghuba ya Winam, yaani mkono wa ziwa ulio upande wenu wa Kisumu, maji ya chini yenye upungufu wa oksijeni hupanda juu. Na kwa kuwa usiku mwani, yaani vijimea vya majini, nao huitumia oksijeni iliyopo, maafa ya namna hii mara nyingi huonekana alfajiri. Samaki aliye huru hukimbilia kwenye maji mazuri, bali wa kizimbani huzuiwa na wavu. Msimu huo wafugaji wengi wa Kisumu walipata hasara kama yako, wakiwamo waliokuwa na uzoefu mkubwa. Hata hivyo, sitakudanganya kwamba huna lako kabisa. Ikiwa uliwasonga samaki kupita kiasi, au uliviweka vizimba mahali penye kina kifupi ambapo maji hayatembei, hayo ni yako na yanafaa kujulikana. Lakini kutovuna wiki moja mapema si kosa. Uliwaacha waongeze uzito, jambo ambalo mfugaji yeyote angelifanya, nawe leo unamhukumu mtu wa siku ile kwa habari ambazo yeye hakuwa nazo.

Kwa hiyo daftari hilo usilisome tena usiku ukiwa peke yako. Lipeleke mchana kwa afisa wa uvuvi au kwa mfugaji mwenzako, mlipitie ukurasa kwa ukurasa, na uandike kando yale tu ambayo ungeweza kuyabadilisha. Nadhani orodha hiyo itakuwa fupi kuliko unavyohofia. Baadaye mpe mkeo alihifadhi, kama unaye. Na kama huna, lifungie mahali pa kukusumbua kulitoa.

Kuhusu deni, nenda kwa shemeji kabla hajakuita, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi kutoka kwenye mshahara wako, hata kiwe kidogo namna gani, kisha upeleke mpango huohuo kwenye mkutano wa chama. Usiahidi kiasi kikubwa kwa sababu ya aibu. Vyuma na mapipa ya vizimba, ikiwa bado yamelala uani, yauze, na pesa hizo ziende moja kwa moja kwenye deni. Endapo hata baada ya hayo usingizi utakataa kurudi, au chakula kikikosa ladha kwa majuma kadhaa, nenda hospitalini ukaombe kuonana na mshauri nasaha. Huo ni ugonjwa kama malaria, nao hutibiwa.

Kurudi ziwani sikukatazi, ila si sasa, na si kwa mkopo. Wakati wa kurudi utakapofika, anza na kizimba kimoja, utafute wenzako wa kununua nao kipimo cha oksijeni, na umuulize afisa wa uvuvi kuhusu mahali utakapokiweka kabla ya kununua hata kifaranga kimoja.