Wasomaji Wauliza: Je, Yesu Alikuja Kuifuta Torati?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Mbale, na nyumbani kwetu si mbali na kilima cha Nabugoye, kwa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda. Mhubiri mgeni alitufundisha kwamba Yesu alikuja kuifuta Torati na kuipinga dini ya Wayahudi, na kwamba Mafarisayo wote walikuwa wanafiki. Nilipomsimulia jirani yangu, mama wa Kiyahudi, alinijibu kwa upole kwamba Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi na aliishika Sabato. Nilinyamaza kwa kukosa la kusema. Tena, watoto wameniuliza maana ya "jicho bovu" katika Mathayo 6, na mmoja wao alidhani ni ugonjwa wa macho. Naomba msaada. (Mwalimu, Mbale)

JIBU: Mama Mwalimu, jirani yako amesema kweli, na ushahidi wake umo katika Injili ile ile unayowafundishia watoto. Yesu alitahiriwa siku ya nane, alipanda Yerusalemu kwa ajili ya Pasaka, watu walimwita Rabi, na Luka anaandika kwamba siku ya Sabato aliingia katika sinagogi "kama ilivyokuwa desturi yake". Kuhusu Torati alitamka mwenyewe kwamba hakuja kuitangua bali kuitimiliza, akaongeza kwamba hata yodi moja haitaondoka, na yodi ndiyo herufi ndogo kuliko zote za Kiebrania. Mhubiri anayesema Torati ilifutwa ana wajibu wa kutueleza afanyeje na maneno hayo.

Naona kosa linaanzia hapa: tunayasikia mabishano ya Yesu na walimu wenzake kana kwamba ni mabishano ya dini mbili, ilhali yalikuwa mazungumzo ya watu wa nyumba moja waliozoea kuitafuta maana ya Maandiko kwa kubishana. Chukua suala la talaka katika Mathayo 19. Mafarisayo wanamwuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu", na maneno hayo matatu tunayapita haraka bila kujua kwamba ndiyo kiini cha swali. Kumbukumbu la Torati 24 inamtaja mume aliyeona kwa mkewe "neno ovu", na walimu walitofautiana juu ya maana yake. Wafuasi wa Shamai walisema ni uasherati tu, na wafuasi wa Hileli walisema hata mke aliyeunguza chakula aweza kuachwa. Kwa hiyo Yesu alikuwa akiulizwa amesimama upande gani katika mjadala uliokuwa ukijulikana. Jibu lake lilikaribia la Shamai, lakini aliwarudisha nyuma zaidi, hadi Mwanzo, kwa mwanamume na mwanamke walioumbwa kuwa mwili mmoja. Kutumia Torati kuifafanua Torati ni kazi ya mwalimu wa Kiyahudi.

Ndivyo ilivyo pia katika habari ya Sabato. Yesu anapouliza ni nani ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamshika na kumwopoa, anategemea kwamba wasikilizaji wake wangemwopoa. Hilo halikuwa jambo la wote, kwa maana mojawapo ya maandishi yaliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, linakataza kumtoa mnyama shimoni siku hiyo. Kisha anasema kwamba mtu ni bora sana kuliko kondoo. Walimu wa Kiyahudi waliiita hoja ya namna hii kal vahomer, yaani "jepesi na zito": likithibitika katika jambo dogo, litathibitika zaidi katika kubwa. Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno moja linalobeba uzito huo wote, nalo ni "sembuse". Mungu huyavika majani ya kondeni, sembuse ninyi! Wasomee watoto Mathayo 6:30 na 7:11 kwa kutumia neno hilo, uone watakavyoelewa.

Kuhusu Mafarisayo, mhubiri wako amewahukumu wote kwa makosa ya baadhi. Ni kweli kwamba Mathayo 23 ina maneno makali, lakini sura hiyo inaanza kwa Yesu kuwaambia watu kwamba waandishi na Mafarisayo wameketi katika kiti cha Musa, na kwamba wayashike wanayoambiwa nao. Ukali wake ni ule wa Isaya na Amosi, manabii waliowakemea watu wao wenyewe, kama mzee anavyowakaripia vijana wa ukoo wake akiwa amekaa nao barazani. Tena Luka 13:31 inasimulia jinsi Mafarisayo walivyomwendea Yesu kumwonya akimbie kwa sababu Herode alitaka kumwua. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya mstari huo, na nasikitika, kwa kuwa jirani yako ni mrithi wa walimu hao. Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, mafundisho ya walimu waliofuata njia ya Mafarisayo ndiyo yaliyouhifadhi Uyahudi hadi leo.

Nikuonye jambo moja. Maneno mengi ya Hileli na Shamai tunayapata katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200, kwa hiyo yatumie kama taa ya kumulikia Injili, wala usidai kwamba kila desturi iliyoandikwa humo ilikuwa hivyo hivyo Galilaya katika siku za Yesu.

Sasa lile jicho. Mtoto aliyedhani ni ugonjwa hakukosea sana, kwa sababu tafsiri inasema "jicho bovu" bila kueleza. Katika Kiebrania, mwenye jicho jema ni mkarimu, na mwenye jicho baya ni mchoyo au mwenye husuda. Ndivyo Mithali 22:9 na 28:22 zinavyozungumza. Tazama maneno hayo yalipowekwa: kabla yake Yesu anazungumzia hazina, na baada yake anasema hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Jicho limesimama katikati ya fedha na fedha, kwa hiyo nalo linahusu fedha. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba anamwuliza mlalamikaji kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Kiswahili chetu kinatupa msaada ambao lugha nyingi hazina, kwani sisi nasi husema fulani ana kijicho, au kamwonea mwenzake kijicho. Waambie watoto hivyo, kisha uwaulize ni nani ana jicho jema: anayegawa muhogo wake au anayeuficha chini ya dawati?

Na jirani yako umwendee tena. Semei Kakungulu, aliyeanzisha jumuiya yao, alitahiriwa mwaka 1919 kwa sababu alisoma vitabu vya Musa akaona haviwezi kupuuzwa. Hamtakubaliana juu ya Yesu ni nani, na si lazima mkubaliane, lakini akikusomea Shema, ungamo la imani la Wayahudi linaloanza "Sikia, Ee Israeli", utakuwa umesikia maneno ambayo Yesu aliyataja katika Marko 12 alipoulizwa amri iliyo ya kwanza.

SWALI: Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 aligusa upindo wa vazi la Yesu. Kwa nini upindo, wala si mkono au bega? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "upindo" katika Mathayo 9:20 ndilo lililotafsiriwa "matamvua" katika Mathayo 23:5. Ni vile vishada ambavyo Hesabu 15 inawaamuru Waisraeli kuvitia katika ncha za nguo zao, ili wavitazame na kuzikumbuka amri za Bwana. Ukitaka kuviona, tazama shali ya sala ya Myahudi: kila ncha ina nyuzi nne zilizopitishwa tunduni na kukunjwa zikawa nane, zikazungushiwa uzi na kufungwa mafundo matano, na ncha zake zikaachwa zining'inie. Yesu alivaa vishada kama Myahudi mwingine anayeishika Torati.

Tena, neno la Kiebrania linaloitaja ncha ya vazi, kanaf, ni lile lile la bawa la ndege, na Malaki aliandika juu ya jua la haki lenye kuponya katika mbawa zake. Injili haisemi kama mama yule aliukumbuka mstari huo. Inasema tu, katika Marko 6:56, kwamba wagonjwa wengine nao, waliolazwa masokoni, walimsihi waguse ngaa pindo la vazi lake.