Barua kwa mwanangu: miaka ya mwanasumo huhesabiwaje

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza: ukienda Japani ukawa mwanasumo wa kulipwa, yaani mpiganaji wa mieleka ya Kijapani, utapata miaka mingapi ya kazi, na ukitoka utabaki na nini? Nakujibu kwa kirefu kwa sababu una miaka 21, na mlango huo hufungwa mapema. Mwombaji sharti awe hajatimiza miaka 23. Wachache wenye rekodi nzuri ya michezo huruhusiwa mpaka kabla ya 25. Tena kila heya, yaani nyumba wanamoishi na kujifunzia wanasumo chini ya mkuu wao, oyakata, hupokea mgeni mmoja tu. Mgeni aliyepo asipoondoka, nafasi hakuna, hata uwe na nguvu za tembo.

Miaka ya kazi usiihesabu tangu siku ya kuingia. Ihesabu tangu mshahara wa kwanza. Wanasumo wote ni kama 600, katika madaraja 6, na wenye mshahara ni 70 tu: 42 wa makuuchi, daraja la juu kabisa, na 28 wa juryo, linalofuata. Wa juryo hupata yen 1,100,000 kwa mwezi. Aliye daraja moja chini yake, makushita, hana mshahara. Hupewa posho ya yen 165,000 kwa kila mashindano, na mashindano huja kila baada ya miezi miwili. Chakula na malazi ni bure, lakini analala chumba cha pamoja, anapika, anafagia, anawahudumia wakubwa. Wengi hustaafu bila kuuonja mshahara.

Sasa goti, maana ndilo linalokata kazi za watu. Ulingo ni udongo ulioshindiliwa, kipenyo chake mita 4.55, umeinuliwa kama sentimita 60, na chini yake hakuna godoro. Hakuna kugawana kwa uzito, na mtu wa makuuchi ana kilo 160 hivi. Anayesukumwa hukaza mguu kwenye ukingo wa ulingo, ambao ni marobota ya majani yaliyofukiwa nusu. Mguu ukinasa hapo, mwili hugeuka, mwenzake humwangukia, kano hukatika. Kano ya mbele ya goti ikishatengenezwa kwa upasuaji hutaka miezi 6 hadi 9, mara nyingi zaidi. Katika muda huo mashindano 3 au 4 yanapita, na usipotokea unahesabiwa umeshindwa, unashuka. Zamani aliyeumia ulingoni alilindwa asipoteze daraja lake. Utaratibu huo ulifutwa baada ya 2003. Ndiyo maana unawaona wanapigana wamefungwa bendeji nene. Hawajapona, ila wakipumzika wanapoteza mshahara. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliowaumiza wanasumo kuliko mwingine wowote.

Mtazame Terunofuji wa Mongolia. Alifika cheo cha ozeki, cha pili kutoka juu, mwaka 2015. Magoti na kisukari vikamshusha mpaka jonidan, daraja la pili kutoka chini, mwanzoni mwa 2019. Akapanda tena, akachukua ubingwa Julai 2020, akawa yokozuna, cheo cha juu kabisa, 2021, akastaafu Januari 2025. Watu humtaja kama ushahidi kwamba inawezekana. Ni kweli inawezekana, lakini ni nadra mno, na magoti yale hayakupata kupona.

Aliye karibu nawe zaidi ni Baruto wa Estonia, kwa sababu naye, kama wewe, alitoka kwenye judo. Aliingia 2004, akawa ozeki 2010, akachukua ubingwa Januari 2012, akaacha Septemba 2013 kwa sababu ya goti. Alikuwa na miaka 28. Judo itakusaidia katika kushika mshipi na kurusha, lakini itakudhuru kwenye jambo moja: mwanajudo amezoea kuvuta huku anarudi nyuma. Kwenye sumo ukirudi nyuma unamkaribisha mwenzako aingie, na goti lako linabaki limekunjwa chini ya uzito wa wawili. Oyakata atatumia mwaka mzima kuivunja tabia hiyo, kwa shiko, kule kuinua mguu na kukita chini mamia ya mara kila asubuhi kabla ya kula chochote.

Mwafrika wa kwanza, Osunaarashi wa Misri, aliingia 2012 na kufika makuuchi Novemba 2013. Najua utataka kujua: alifunga Ramadhani huku akishindana. Aliondolewa 2018, miaka 26, kwa kuendesha gari, jambo ambalo chama cha sumo kinawakataza wanasumo. Mguu si kitu pekee kinachokata kazi.

Ukitoka? Nafasi za kubaki kama mzee wa chama ni 105 tu, na sharti uwe raia wa Japani. Tanzania hairuhusu uraia pacha, basi utairudisha pasi yako. Pia sharti uwe umefika vyeo vya juu, au umecheza mashindano 20 ya makuuchi, au 30 ukijumlisha na juryo. Kila anayestaafu hukatwa shungi lake la nywele, na asiyefikia hapo huanza upya na mwili wa kilo 150 ambao haumfai tena. Supu ya chanko yenyewe haina ubaya, ni kuku, kabichi na tofu. Kinachonenepesha ni kushinda na njaa mpaka mchana, mabakuli ya wali, kisha kulala.

Jibu langu ni hili: ukifanikiwa sana, miaka 6 au 7 ya mshahara, usipofanikiwa, hakuna hata mmoja. Sikukatazi. Ila usiandikie heya yoyote kabla ya kupiga MRI, picha ya ndani, ya goti la kushoto, lile unalosema hulia ukichuchumaa. Gharama nitalipa mimi. Na ukiandika, uliza kwanza kama nafasi ya mgeni iko wazi, na aliyeumia akiwa daraja la chini hutibiwa na nani. Majibu nitumie tuyasome pamoja.

Mama yako