Kome wanakufa kwenye tangi la maji safi

Ndugu, umesema kome wako watatu (wanyama wa majini wenye gamba la pande mbili) wa Ziwa Victoria wamekufa ndani ya mwezi mmoja, ingawa maji ya tangi ni maangavu kabisa. Tatizo liko hapo hapo: maji maangavu hayana chakula. Kome huchuja mwani mdogo unaoelea, na akiukosa huishi wiki kadhaa kwa akiba ya mwili, ndiyo maana alionekana mzima.

Weka ndoo ya maji ya tangi juani mpaka yawe ya kijani kwa mwani. Mimina tangini kikombe kimoja au viwili vya maji hayo kila siku, chujio ukilizima kwa saa moja huku pampu ya hewa ikiendelea. Mchanga uwe laini, kina cha sentimita 8 hadi 10; kwenye kokoto hawezi kujizika. Kila asubuhi mguse: aliye hai hufunga gamba, aliyekufa hubaki wazi. Huyo mtoe papo hapo, maana akioza, amonia yake (sumu itokanayo na uozo) huua samaki. Dawa yenye shaba usitie kabisa.

Kwa kweli, bwawa la maji ya kijani linamfaa kuliko tangi lako la lita 60.