Rejeta za Magari ya Zamani: Mfuniko Unavuja, Gari Linachemsha

Shikamoo fundi. Datsun 120Y ya marehemu baba inavuja kwenye mfuniko wa rejeta. Nimenunua mpya kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, bado inavuja, na sasa mpira wa juu unavimba. (Tabata)

Marahaba. Soma kwanza namba iliyo juu ya mfuniko. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1970 yalikuja na 0.9, nahisi umeuziwa wa 1.1. Hiyo ni presha ambayo mfuniko unaihimili kabla ya kuachia. Kwa 0.9 maji huchemka kwenye nyuzi 118 hivi badala ya 100, na jua la Dar halihitaji zaidi ya hapo. Presha kubwa haipoozi injini, inaonea tu lehemu na mipira iliyochoka.

Ukipata wa 0.9, ugeuze. Kuna raba pana, na katikati kivalvu kidogo. Kivute kwa ukucha: kifunguke, kisha kirudi chenyewe. Kikiganda, asubuhi utakuta mpira wa juu umenywea. Halafu pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta, kwenye ukingo wa chini raba inapokaa. Wenye haraka huchokonoa pale kwa bisibisi, na kovu dogo tu linatosha maji kupita hata ubadilishe mifuniko kumi. Fundi rejeta ataunyoosha. Linganisha pia kina cha mfuniko mpya na wa zamani. Ulio mfupi haufiki kwenye ukingo. Yote haya injini ikiwa ya baridi, tafadhali. Mvuke wa rejeta hauna huruma.

Land Rover yangu haina kichupa cha akiba. Kila nikijaza rejeta hadi juu, inatema. (Kimara)

Haiumwi. Maji yakipata moto hutanuka, na hapo hayana pa kwenda ila kwenye kale kabomba ka pembeni. Acha sentimita mbili tatu chini ya shingo. Ikiendelea kutema, washa injini ikiwa baridi, mfuniko wazi: ukiona mapovu yasiyokoma, shuku gasketi ya silinda hedi.

Gari linachemsha kwenye foleni ya Barabara ya Mandela tu. Likikimbia, mshale unashuka. (Mbagala)

Feni hiyo. Kaza au badilisha mkanda wake, na kama lile kava linalozunguka feni lilitupwa, litafute. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo, ningesema rejeta imeziba.

Fundi ametoa themostati, anasema nchi ya joto haihitaji. Na je, nijaze maji ya kisima? (Kigamboni)

Airudishe. Tabia hii inaniudhi kuliko zote. Bila themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, injini huchelewa kupata joto lake na hunywa mafuta. Tena zipo injini ambazo sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, gari likachemsha zaidi. Kama unaishuku, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uipashe: nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maji ya kisima ya chumvi usithubutu, yanakula wota pampu na kuacha magamba ndani ya rejeta. Weka kulanti (dawa ya rejeta) na maji yasiyo na madini, nusu kwa nusu.

Nimenunua Volkswagen Beetle ya 1968, rejeta siioni! (Upanga)

Hujaibiwa. Injini hiyo hupoozwa kwa upepo, na mkanda mmoja ndio unaozungusha dainamo na feni. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, usijipe moyo kwamba utafika nyumbani. Simama papo hapo, zima, kautazame mkanda. Na uwe na wa akiba kwenye buti, ambayo kwako iko mbele.